Aliyemaliza Kifungo Amemaliza

Leo nataka tuzungumze juu ya watu waliofungwa jela wakarudi nyumbani. Watu hawa tunao vijijini mwetu. Tunavua nao, tunalima nao, tunazika nao. Lakini mara nyingi hatuishi nao kama tunavyoishi na wengine. Tukiwataja, tunawataja kwa kosa lao. Hatusemi, "Yule fundi wa mitumbwi." Tunasema, "Yule aliyefungwa."

Mimi ninakaa Maparoni, katika delta ya mto Rufiji, wilaya ya Kibiti. Wengi wetu huku ni wavuvi na wakulima wa mpunga. Mimi nalima mpunga. Habari hii naijua kwa sababu imeingia nyumbani kwetu. Kaka yangu mkubwa, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alifungwa. Jina lake silitaji, maana limetajwa vya kutosha. Mwenyewe ameniruhusu kuandika.

KOSA NA HUKUMU

Kaka aliiba mashine ya boti. Kosa hilo sitaki kulipunguza. Mashine kwa mvuvi ni kama jembe kwa mkulima, tena ni jembe la bei kubwa. Mwenye mashine alikaa wiki saba akivua kwa kasia karibu na nyumbani. Samaki walikuwa wachache. Watoto wake walipata shida. Alikuwa na haki ya kukasirika na kwenda polisi.

Kaka alikamatwa. Akapelekwa mahakamani. Akasomewa mashitaka, akakiri. Mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu. Mashine ilipatikana, ikarudishwa kwa mwenyewe.

Baada ya miaka miwili kaka alirudi. Hapo maneno yakaanza. Mmoja alisema, "Ametoroka." Mwingine akasema, "Ametoa hongo." Yote mawili si kweli. Iko Sheria ya Magereza ya mwaka 1967. Sheria hiyo inasema kwamba mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake. Anapunguziwa akifanya kazi kwa bidii na akiwa na mwenendo mzuri. Theluthi ni fungu moja kati ya mafungu matatu yaliyo sawa. Sasa hesabu mwenyewe. Miaka mitatu ni miezi 36. Theluthi yake ni miezi 12. Ukitoa 12, inabaki miezi 24. Kaka alikaa miezi 24 kamili.

Wako pia wanaotoka kwa msamaha wa Rais. Katiba yetu, Ibara ya 45, inampa Rais uwezo huo. Tarehe 9 Desemba 2019, katika sherehe za Uhuru mjini Mwanza, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Wengine hutoka kwa parole, yaani hufunguliwa kabla ya siku yao na kumalizia kifungo nje kwa masharti. Sheria ya Bodi za Parole ilitungwa mwaka 1994. Na wako wenye makosa madogo wasioingia jela kabisa. Kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, mahakama inaweza kumwamuru mtu afanye kazi ya umma bila malipo, kama vile kufagia zahanati au kutengeneza barabara. Kwa hiyo ukimwona mtu nje, usiseme amehonga. Njia za halali ni nyingi.

KIFUNGO CHA PILI

Ndugu msomaji, kaka alipomaliza kifungo cha mahakama, alikuta kifungo kingine kinamngoja. Hiki hakikutolewa na hakimu. Kilitolewa na sisi watu.

Kwanza, kazi. Alikwenda kwa wenye boti kuomba ubaharia. Kila mmoja alimjibu kwa upole kwamba nafasi zimejaa. Siku ya pili yake nafasi hiyohiyo alipewa kijana asiyejua hata kufunga nanga. Nyuma yake watu walisema, "Mchovya asali hachovyi mara moja."

Pili, mke wake. Wifi yangu alikuwa katika kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja alikuwa akiutunza yeye. Aliutunza miaka miwili, haikupotea hata shilingi moja. Mume wake aliporudi, wenzake walimwomba aurudishe. Walimwambia, "Si wewe, ni mumeo." Wifi aliurudisha. Hakusema neno.

Tatu, mtoto. Mtoto wao wa kiume alikuwa na miaka tisa. Siku moja alirudi analia. Wenzake walikuwa wakimwimbia, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Watoto hawakuyatunga maneno hayo wenyewe. Waliyasikia kwetu wakubwa.

Nne, kushukiwa. Usiku mmoja wa bamvua mtumbwi wa jirani ulipotea. Watu sita wenye tochi walikwenda moja kwa moja kwa kaka. Hawakuuliza kwa mtu mwingine yeyote. Waliingia ndani, wakatazama mpaka uvunguni mwa kitanda, kana kwamba mtumbwi unaweza kulala uvunguni. Kaka alikuwa amekaa na mtoto mwenye homa. Asubuhi maji yalipotoka, mtumbwi ulionekana umekwama katika mikoko. Kamba ilikuwa imefunguka, na maji makubwa yameuchukua. Mwizi hakuwako. Katika wale watu sita, hakuna aliyerudi kusema, "Tuwie radhi."

Baada ya siku chache kaka alikuja kwangu. Aliniambia kwamba mtu mmoja aliyefungwa naye anampigia simu. Anamwita mjini kwenye kazi yenye fedha nyingi. Kazi yenyewe haikuwa ya halali. Nilimwuliza, "Kaka, utakwenda?" Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mdogo wangu, kule wananiita kwa jina langu."

Maneno hayo yaliniondolea usingizi. Niliona kwamba kila tulipomfungia mlango, mwingine alikuwa anafunguliwa upande ule. Mtu akikosa kazi, akikosa wenzake, akikosa hata salamu, atakwenda kwa wanaompokea. Wanaompokea haraka ni wale wanaotaka aibe tena. Halafu tutasema, "Mnaona? Tulisema sisi."

DENI LILIKUWA LA NANI?

Jambo hili lilizungumzwa chini ya mwembe, wazee wakiwepo. Baadhi ya watu walitaka kaka ahame. Aliyewajibu ni yule mwenye mashine, ambaye mimi sikutegemea atuunge mkono. Alisema hivi: "Mimi ndiye niliyeibiwa. Mashine yangu nilirudishiwa. Aliyeniibia alifungwa. Mimi nimemaliza. Ninyi mnaodai, mnadai nini?"

Mzee mmoja akamwuliza, "Je, utamwachia mashine yako alale nayo?" Akajibu, "Leo hapana. Lakini nitamsalimu, nitamzika, na akitengeneza boti yangu nitamlipa."

Ndugu msomaji, naona mtu huyo aliweka mpaka mahali pake. Tahadhari si dharau. Una haki ya kufunga mlango wako. Una haki ya kuchagua nani atunze fedha zako. Uaminifu uliovunjika hujengwa polepole, na anayepaswa kuujenga ni yule aliyeuvunja. Lakini hatajenga akinyimwa hata udongo wa kujengea. Na kumtukana mtu, kumwingilia nyumbani usiku, au kumfukuza kijijini, hiyo si tahadhari. Hiyo ni dhuluma.

SHERIA INASEMAJE?

Baada ya baraza lile nilitaka kujua sheria zenyewe. Nilikwenda kwa boti mpaka Nyamisati, kisha kwa gari mpaka Kibiti. Nikamwuliza msaidizi wa kisheria. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Utu. Ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema watu wote ni sawa, na kila mtu anastahili kuthaminiwa utu wake. Haikusema "isipokuwa waliofungwa."

2. Kushukiwa. Ibara ya 13 inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kosa la zamani si ushahidi wa kosa jipya. Ukiibiwa, toa taarifa kwa viongozi na polisi. Wao ndio wenye kazi ya kupeleleza.

3. Hukumu moja kwa kosa moja. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inakataza kumshitaki mtu tena kwa kosa lilelile ambalo mahakama imekwisha kulihukumu. Ikiwa mahakama yenyewe haihukumu mara mbili, sisi tumepata wapi ruhusa?

4. Kura. Raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Sheria ya uchaguzi ya zamani iliwazuia wale waliokuwa wakitumikia kifungo kinachozidi miezi sita. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sehemu hiyo ya sheria inapingana na Katiba. Hata hapo zamani, zuio hilo lilimhusu aliyekuwa bado anatumikia kifungo. Aliyekwisha kumaliza anaweza kujiandikisha na kupiga kura kama wewe.

5. Mkutano wa kijiji. Kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Hivyo ndivyo ilivyo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Aliyetoka jela akinyosha mkono, apewe nafasi aseme.

6. Ndoa. Wifi yangu aliambiwa na baadhi ya watu, "Mumeo amefungwa, sasa wewe huna mume." Si kweli. Kifungo chenyewe hakivunji ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba kifungo cha maisha, au kifungo kisichopungua miaka mitano, ni moja ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama mwenzi akiomba talaka. Miaka mitatu haifiki hapo.

7. Ardhi. Hili ni kubwa, kwa hiyo nalieleza peke yake.

SHAMBA LA ALIYEFUNGWA

Mtu akifungwa, shamba lake halifungwi naye. Linabaki lake. Lakini lazima liangaliwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu shamba kutazamwa kuwa limetelekezwa kama halikutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano. Kwa hiyo ndugu wa mfungwa wasiliache shamba liwe pori. Mke alime, au ndugu alime kwa niaba yake. Shamba linalolimwa halikutelekezwa.

Kaka alipokuwa gerezani, mtu mmoja alianza kulima upande wa shamba lake la mpunga. Alisema, "Mwenyewe hayupo." Wifi na mimi tulikuwa tunalilima kila msimu, na dungu letu la kulindia ndege lilikuwa limesimama palepale. Hatukugombana naye shambani. Tulikwenda Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza hilo kwa sheria lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Lilikuja kutazama, likauliza majirani, likasuluhisha. Mpaka ukarudi mahali pake. Kama usuluhishi ungeshindikana, mambo ya ardhi yangekwenda mbele mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kumbuka pia kwamba halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Hakuna kiongozi mmoja anayeweza kuligawa shamba la mfungwa kwa kauli yake peke yake.

MIPAKA IPO, NAYO INA MWISHO

Sitakuambia kwamba sheria haimkumbushi mtu kosa lake kabisa. Anayetaka ubunge, kwa mfano, anazuiwa na Ibara ya 67 ya Katiba kama katika miaka mitano kabla ya uchaguzi alifungwa kwa kosa la kukosa uaminifu. Wizi ni kosa la namna hiyo. Zuio hilo ni la haki, maana mbunge anakabidhiwa mali ya watu.

Lakini itazame hesabu hiyo vizuri. Ni miaka mitano. Katiba yenyewe, kwa kazi kubwa kama ubunge, inahesabu miaka halafu inaacha kuhesabu. Sisi kijijini, kwa kazi ndogo ya kuvuta wavu, tunahesabu mpaka mtu anaingia kaburini. Tukimaliza kwake, tunaanza kwa mwanawe.

Nchi nyingine nazo zimeliona jambo hili. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 ili makosa ya watu wengi, baada ya miaka kadhaa bila kosa jipya, yasitajwe tena wanapoomba kazi za kawaida. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni juu ya wafungwa, zinazoitwa Kanuni za Mandela. Zinasema kwamba wajibu wa jamii haumaliziki siku mfungwa anapofunguliwa. Jina hilo limetokana na Nelson Mandela wa Afrika Kusini, aliyekaa kifungoni miaka 27, kisha mwaka 1994 akawa Rais wa nchi yake.

Na hapa kwetu, je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere naye aliwahi kutiwa hatiani na mahakama? Ilikuwa mwaka 1958, wakati wa Waingereza. Alishitakiwa kwa kuwakashifu mabwana DC wawili katika gazeti la TANU. Mahakama ya Dar es Salaam ilimwambia alipe faini ya shilingi 3,000 au afungwe miezi sita. Alilipa faini. Mwaka 1961 akawa Waziri Mkuu.

Najua utaniambia, "Hao walikuwa wanapigania uhuru. Kaka yako aliiba." Ni kweli. Sisemi makosa yao ni sawa. Ninachosema ni hiki: karatasi ya mahakama inaeleza jambo moja alilofanya mtu siku moja. Haielezi mtu mzima. Ukitaka kumjua mtu, tazama na siku zake nyingine.

TUFANYE NINI?

Wewe uliyetoka kifungoni: tunza karatasi zako za kufunguliwa. Nenda kwa balozi na mwenyekiti wa kijiji, waambie umerudi. Kama kuna uliyemkosea, nenda kamwombe radhi, ukiwa na mzee wa kusimama nawe. Usikae ndani kwa aibu. Ukidhulumiwa, usipigane. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka wasaidizi wa kisheria wa kuwasaidia wasio na uwezo, bila malipo. Uliza ofisi ya kata yako au ofisi za wilaya.

Wewe jirani: msalimu kwa jina lake. Mwalike kwenye msiba na kwenye harusi. Ukiwa na kazi anayoiweza, mpe, umlipe kama mwingine. Anza na kazi ndogo kama una wasiwasi. Kitu kikipotea, kwanza kitafute.

Wewe mzazi na mwalimu: mkataze mtoto kumwita mwenziwe kwa kosa la baba yake. Hakuna sheria inayomfunga mtoto kwa kosa la mzazi.

Ninyi viongozi: zuieni watu kuingia katika nyumba za wenzao usiku kwa kushuku tu. Na wanapokuja waliotoka kifungoni, wasikilizeni.

Kaka hakwenda mjini. Gerezani alijifunza useremala. Leo anatengeneza mitumbwi na kutia mashua kalafati. Mteja wake wa kwanza alikuwa yule mwenye mashine, na alimlipa kama alivyosema. Wako ambao bado hawamsalimu. Yeye huwasalimu. Wifi bado hajarudishiwa ufunguo, lakini mwezi uliopita mwanamke mmoja wa kikundi aliniuliza kama akipewa ataukubali. Nilimwambia akamwulize mwenyewe.

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ukimaliza kusoma, mpe jirani gazeti hili naye asome, halafu mzungumze. Katika kijiji chenu, ni nani amemaliza kifungo chake na ninyi bado mmemfunga?